Bomba la Shaba la Papa

Nikisikia harufu ya limau kwenye shaba, namwona maman uani kwetu Bagira, akichungulia ndani ya bomba ambalo papa alitaka kulifanya antena ya redio yake ya kuzungumza na marafiki wa mbali.

"Majirani wanasema watu wanafichaka zahabu mu bomba kama hizi," alimwambia papa. Maman akapitisha waya ndani. Buibui mmoja tu ndiye aliyeanguka.

"Umeme ya redio inapita ku ngozi ya shaba," papa alijibu huku akilisugua bomba kwa limau. "Ndani haipite kitu. Ndiyo maana ninasuguaka inje."

Maman hakuamini. Jioni papa alisimamisha antena, akawasha redio, na mwanamume wa mbali akamsalimu kwa jina. Maman akaishusha sauti haraka, majirani wasisikie.

"Huyu anajulia wapi jina yako?"

Papa alicheka, lakini alicheka peke yake.