Mbwa Aliyelala Hadi Mwanga

Saa kumi na mbili na robo asubuhi tuliondoka Kibirizi na lori la dagaa kwenda soko la Mwanga: mimi kwenye usukani, mwalimu wangu wa udereva pembeni, mbwa wangu katikati yetu. Tangu nianze kujifunza, kila nilipokwaruza gia alibweka.

“Mzee mwenzangu,” mwalimu alisema, “huyu ni mkali kuliko mimi. Akinyamaza mpaka Mwanga, umeiva. Akibweka, unalipia wiki nyingine.”

Kwenye mlima nilikanyaga klachi mpaka chini, nikashusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili. Mbwa alifumbua jicho moja, akapiga miayo, akajilaza mapajani mwa mwalimu. Tulifika sokoni Mwanga mbwa akikoroma.

“Hongera, dereva. Sasa mwamshe nishuke!”

Niliokoa shilingi elfu sitini za wiki nyingine.