Bonge Afunguka kwa Mkewe

Kwenye karakana ya makochi, fundi mkuu aliitwa Bonge, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Mteja akiuliza kama kochi ni imara, yeye aliketi juu yake kwa kishindo akacheka: "Likinibeba mimi, hata mama mkwe wako na masanduku yake litambeba!" Makochi yaliuzika. Tumbo nalo lilizidi kutangulia mbele, mwaka hadi mwaka, mpaka kufunga kamba za viatu ikawa kazi ya mkewe.

Kisha mwili ukagoma kumtii chumbani. Kwanza alisingizia uchovu, halafu mgongo, mwisho akawa anawahi kulala na kukoroma makusudi. Alinunua kwa mchuuzi vidonge vya kuongeza nguvu; alichoambulia ni moyo kwenda mbio na kichwa kumgonga. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, yeye mchekeshaji wa karakana nzima?

Mkewe, mshonaji wa mapazia, alivumilia mpaka akachoka. Mchana mmoja, mafundi wengine wakiwa wametoka kula, alimfuata kazini akafunga mlango.

"Baba watoto, niambie tu. Ni nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke aliyekuchukua."

Bonge aliiweka nyundo chini. "Hakuna mwanamke, mke wangu. Ni mimi. Mwili haunisikii tena, na nimeona aibu kukwambia." Machozi yakamlenga.

Mkewe akaketi ubavuni pake. "Yaani miezi yote hii mimi nakonda kwa wivu, wewe unanenepa kwa siri?"

Wakacheka, huku wote wawili wanafuta macho.

Zahanati walikwenda pamoja. Daktari, mama wa makamo asiyezunguka maneno, alimsikiliza mpaka habari ya vidonge, akampima uzito, presha na sukari.

"Mafuta ya tumboni yanapunguza homoni za kiume," alisema, "na unene huu unadhoofisha mishipa inayopeleka damu huko. Sukari nayo imeanza kupanda. Hujarogwa, kaka, wala hujaisha. Vidonge vya mtaani achana navyo, vitakuumiza moyo."

"Nitapona?"

"Wengi wakipungua wanapata nafuu. Ila usitegemee miujiza ya wiki moja."

Bonge akaanza kwenda kazini kwa miguu, jasho likimchuruzika. Soda ndizo zilizomtesa: siku moja mkewe alimfumania na chupa nyuma ya marobota ya sponji, kama mtoto mdokozi. Hakumfokea; aliipokea, akaimwaga. Uzito ulishuka, ukakwama, ukapanda kidogo, ukashuka tena.

Mambo ya chumbani yalirudi, ingawa si kama ya ujanani. Kuna siku yanakubali, kuna siku yanagoma. Yakigoma, Bonge husema waziwazi, nao hupiga soga mpaka usingizi uwachukue. Bado ni mnene, lakini sukari imetulia, na mkewe amekwisha kumwambia dada yake kwamba sasa ana mume wa kuongea naye.