Barua 41 za Zoezi Mezani kwa Prinsipo

Naandika haraka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Likizo hii niliwafungulia Form Three kundi la mtandaoni tufanye Kiingereza. Zoezi la kwanza: andika barua ya malalamiko kuhusu shule. Iko kwa silabasi, jamani!

Leo tumefungua shule. Prinsipo akaniita ofisini. Barua zote 41 ziko mezani, amezitoa kwa lile kundi na kuzichapisha.

"Madam, mgomo ni lini?"

"Mgomo gani, sir? Hilo ni zoezi tu."

"Zoezi? Watoto 41 wanalalamikia wadudu kwa maharagwe, na wewe ndiye umewapanga?"

Bweni la shule jirani liliungua kwa mgomo juzi tu, kwa hivyo hapa Bumula neno mgomo si mchezo. Na mimi nimeajiriwa na bodi ya shule, si serikali. Ati kesho saa mbili nijieleze mbele yao. Asante ya kufundisha likizo nzima ndiyo hii.

Prinsipo anasema amesoma 12 pekee. Mimi nimemaliza zote sasa hivi. Namba 37 ndiyo kali kuliko zote: "Hatutanyamaza tena."

Imeandikwa na binti yake.

Walimu wenzangu, nimwambie leo, ama aifikie mwenyewe kesho mbele ya bodi?