Ukurasa wa Tabaruku

Ofisini tulimwita Bi Kanuni, na wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyepokea miswada ya tuzo ya taifa ya fasihi. Mkubwa mmoja aliwahi kumpigia simu kuulizia mswada wa shemeji yake. Akamjibu, "Shemeji yako hapa ni namba, mheshimiwa, na namba yenyewe siijui," kisha akakata! Mimi niko meza ya pili, jasho linanitoka kwa niaba yake.

Kazi yetu ni hii. Jina la mwandishi linabaki ndani ya bahasha iliyofungwa, mswada unapewa namba, na majaji watano wanasoma namba tu. Ukurasa wa tabaruku, ule wa "kwa mke wangu mpenzi", tunaunyofoa bila kuusoma, maana unaweza kumfichua mtu. Tunauandika namba, tunautia kwenye mashine ya kuchana karatasi. Mwishoni inafunguliwa bahasha ya mshindi peke yake. Nyingine zinachanwa zikiwa zimefungwa, aliyeshindwa asiaibike.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mashine ikaharibika. Fundi akasema kesho, kesho ikawa wiki mbili, na kurasa zikarundikana kikapuni. Asubuhi moja nikamwona Bi Kanuni ameshika karatasi moja ya kikapuni, anaisoma.

"Soma," akaniambia. Yeye huyohuyo! Aniambie mimi nisome!

Nikasoma: "Kwa Kifungo. Vile viboko nilishakusamehe zamani."

Ndipo nikajua habari za kaka yake. Utotoni Bi Kanuni alimeza kifungo cha koti la baba yao, akaogopa kusema, kaka mtu akachapwa kwa kukipoteza. Kaka aliujua ukweli, akanyamaza. Ila wakiwa wawili tu, alimwita Kifungo. Alipofika miaka kumi na tisa akagombana na baba, akabeba begi, akatoweka. Miaka thelathini na mmoja. Dada alitangaza redioni, alitangaza magazetini, akazika baba na mama peke yake.

Mswada ulikuwa namba 164. Haukupitia posta, ulitumbukizwa kwenye sanduku letu la nje.

"Kaka alifika hapo mlangoni," akaniambia. "Hatua kumi. Na mimi nipo hapa nakunywa chai." Akakisukuma kikombe kando. "Na kama si mara ya kwanza? Nimeshachana kurasa zake ngapi?"

Tukabaki kuomba 164 ishinde. Ikaingia kumi bora, tukashikana mikono chini ya meza. Ikaingia tatu bora. Siku ya uamuzi ikashika nafasi ya pili, na tuzo yetu haina wa pili.

Nilipandwa na hasira. "Nipe mimi hiyo bahasha. Geuka tu uangalie dirishani."

"Hapana."

"Dada, ni ndugu yako wa tumbo moja!"

"Kila aliyefunga bahasha aliniamini," akasema. "Na yeye aliniamini."

Mimi ningefungua, nasema wazi, na nisingejuta hata kidogo. Yeye aliitia kwenye mashine kwa mkono wake, mbele ya mashahidi wawili, akaweka sahihi. Kisha akaenda msalani, akafungulia bomba ili tusimsikie. Tulimsikia.

Alipostaafu nikarithi meza yake. Kila mwaka, siku ya mwisho ya kupokea miswada, anakuja na kukaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini. Nafunga mlango. Kila ukurasa wa tabaruku nausoma kwa sauti kabla ya kuuchana, kinyume kabisa cha alivyonifundisha, na Bi Kanuni hanigombezi.

"Kwa mama yangu."

Anatikisa kichwa.

"Kwa wanangu watatu walioninyima usingizi."

"Endelea."

Mwaka huu zilikuwa mia mbili na tisa. Nilisoma mpaka koo likakauka.

"Zimeisha, Dada."

Akakitazama kikapu, kisha akautazama mlango.

"Hebu kaliangalie tena lile sanduku la nje."

Nilikuwa nimeshaliangalia mara mbili. Nikaenda.