Vivuli Viwili

Wazazi wa shule yetu hukaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamebanwa na meza, na hapo ndipo ninapowaeleza jinsi mtihani wa taifa wa darasa la saba unavyofanyika. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu zilipokuja fomu za kusahihishwa na mashine. Kila swali lina viduara vitano, A mpaka E, na mtoto huchagua kimoja akakipaka penseli mpaka kiwe cheusi. Kuweka kivuli, ndivyo tunavyosema. Mzazi asiyejua hilo atamnunulia mtoto kalamu mpya ya wino, kwa upendo wote, na kumtuma akalete sifuri.

Mimi si wa huku. Kwetu ni Issenye, wilaya ya Serengeti. Nilipopangiwa shule hii upande wa Itiryo, Tarime, nilikuja na godoro, sanduku la vitabu na Kiswahili changu. Kikurya sikukijua hata cha kuombea maji. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza wa fomu mpya, nilipoitisha kikao, nilijikuta naongea na watu wanaoniangalia kwa heshima kubwa bila kuelewa nusu ya ninachosema. Ndipo akasimama baba mmoja wa makamo, mtu wa ng'ombe wachache na shamba la mahindi, akajitolea kunitafsiria.

Nilimfahamu kupitia binti yake. Mtoto yule ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa la saba, na kwenye hisabati hakuwa na mwenzake. Alikuwa anapata jibu kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Nilikuwa nimeshapanga moyoni kwamba atakwenda sekondari na mimi ndiye nitakayemsindikiza siku ya kuripoti. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini nilipanga.

Baba alitafsiri vizuri kuliko nilivyofundisha. Nilichora viduara ubaoni kwa kuzungushia kizibo cha soda, kisha nikawagawia wazazi karatasi na penseli wajaribu wenyewe. Bibi mmoja alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, akasema kitu, darasa zima likacheka. Nikatafsiriwa: anasema mtihani huu unamtaka mtu aliyezoea jembe. Vicheko vilipotulia, yule baba akanyoosha mkono kwa niaba yake mwenyewe.

"Samahani mwalimu. Mtoto akiweka vivuli viwili, na kimoja ndiyo jibu lenyewe?"

"Amekosa, mzee wangu. Mashine inalikataa swali zima."

"Hata kama jibu analijua?"

"Hata kama analijua."

"Na kuna mtu atakuja kumuuliza kwa nini ameweka viwili?"

Nikacheka. "Amuulize nani? Mashine haiulizi mtu."

Akawageukia wenzake akatafsiri, na wao wakacheka. Mimi nikasema kimoyomoyo, hapa nimepata mzazi. Nilimsifu mbele ya kikao, nikawaambia wote wangekuwa wanauliza kama yeye, shule hii ingekuwa mbali. Alipoomba karatasi za mazoezi akamfundishie binti yake nyumbani, nilimpa zote zilizobaki. Nilirudi nyumbani siku ile nimejaa sifa zangu mwenyewe.

Siku za mtihani walimu wa shule husika hatukaribii vyumba. Wasimamizi hutoka kwingine. Nilishinda nyumbani nachambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua. Karatasi ya mwisho ilipokwisha, watoto walipita mlangoni kwangu wakipiga kelele, mwalimu, ilikuwa nyepesi, mwalimu, swali lile ulitufundisha. Yeye alipita ng'ambo ya barabara, macho chini. Nikadhani ni uchovu.

Matokeo yalipotoka nililitafuta jina lake kabla ya mengine yote. Kiswahili, E. Kiingereza, E. Maarifa, E. Sayansi, E. Hisabati, A. Amefeli, maana somo moja halivushi mtu. Nilikimbilia kwa mwalimu mkuu nikamwambia mashine imeharibika. Alikuwa amekaa huku miaka mingi kuliko mimi. Aliitazama karatasi, akaniambia taratibu, "Mashine isinzie masomo manne, iamke kwenye hisabati tu? Nenda kwao, mwalimu."

Nilikwenda kwa bodaboda. Baba alinipokea vizuri, akaniwekea kiti kivulini, nikaletewa maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Kumbe yeye alikuwa amejiandaa kunishukuru.

"Ulitufundisha vizuri sana, mwalimu," alisema. "Wenzangu miaka ya nyuma waliwaambia watoto wao wajaze ovyo ovyo, wakafaulu kwa bahati. Mtoto akishafaulu, mtendaji anakuja na mgambo, sekondari ni lazima, usipompeleka unalala ndani. Akifeli hakuna anayekuja. Mimi sikutaka mambo ya bahati."

Hakusema kwa kejeli. Aliniambia kwamba kijana wake mkubwa amefika umri wa kuoa, na zizi halina ng'ombe wa kutosha kwa mahari. Wataingia wa dada, watoke wa kaka, ndivyo baba yake naye alivyofanya. Alikuwa amekaa na binti yake jioni baada ya jioni, na karatasi zangu, wanafanya mazoezi ya kuweka vivuli viwili. Jambo moja tu ndilo lililomkera.

"Kwenye hisabati," alisema, "hapo alinikaidi."

Nilitaka kumfokea, na nilikuwa na haki, lakini kila neno lililonijia lilinigeukia mimi. Nilijichukia. Nani alimwambia mashine haiulizi mtu? Nani alicheka?

Binti aliambiwa anisindikize hadi barabarani. Tulitembea mpaka nyumba ikapotea nyuma ya mahindi.

"Mwalimu, usinikasirikie," alisema. "Mengine niliweka viwili viwili kama baba alivyosema. Ilipokuja hisabati nilishindwa kuharibu. Nilikuwa nayajua yote."

Nilimshika bega, naye akageuka akarudi.

Nilihangaika. Nilikwenda ofisi ya kata, nikaambiwa mtoto aliyefeli hana nafasi ya kudai sekondari. Niliomba arudie darasa, nikaambiwa utaratibu haupo. Nikasema basi ni mdogo, asiolewe. Wakaandika kwenye daftari. Kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa alikuwa ameshaolewa kijiji cha mbali, na kaka yake naye ameoa.

Nilijifunza Kikurya kwa hasira. Sikutaka tena mtu asimame kati yangu na wazazi. Lakini kuhusu vivuli viwili nilinyamaza. Watoto niliwafundisha darasani. Wazazi niliwaambia tu, kivuli ni kimoja, nikasonga mbele haraka. Yeyote aliyeuliza zaidi nilimtilia shaka. Nimewaonea watu wengi waliouliza kwa nia njema, na sijui jinsi ya kuwaomba msamaha.

Yule binti alirudi kwa baba yake miaka kadhaa baadaye, ndoa imemshinda, akiwa na watoto watatu. Wa kwanza ni msichana, na mwaka huu yuko darasa la saba. Si wa kwanza darasani. Ni wa katikati, mtoto wa kusukumwa. Kwenye kikao walikuja wawili, mama na babu. Yule baba sasa ni mzee kweli, mvi kichwa kizima, nami nilimwamkia shikamoo kama kila mtu. Walikaa dawati moja.

Nilisema yangu ya kila mwaka. Penseli, kifutio, kulala mapema, asitumwe kuchunga wiki ile. Kivuli ni kimoja. Nikafunua ukurasa uliofuata wa daftari langu.

"Mwalimu, hapo umeruka." Alikuwa ni yule mama, amesimama. "Waambie na ya vivuli viwili."

Sikuweza.

Akawageukia wazazi, akaendelea kwa Kiswahili kilekile, kwa sauti ya kawaida. "Mtoto akiweka viwili anapata sifuri hata kama anajua, na hakuna anayemuuliza. Najua kwa sababu mimi niliweka. Masomo manne. Atakayemwambia mwanawe aweke viwili, ajue kwamba hila hiyo tunaijua."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kina bibi wasiojua Kiswahili walianza kuulizana amesema nini, na macho yakaanza kuja kwangu nitafsiri. Kabla sijafungua mdomo, babu aliinuka, ameshika meza kwa mikono miwili. Aliwatafsiria maneno ya binti yake, yote, hakupunguza. Kisha akaongeza lake moja kwa Kikurya, na mara hii sikuhitaji mtu wa kunielewesha.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema, akakaa karibu na binti yake, akaomba penseli na karatasi ya mazoezi.