Sisi Elfu Mbili

Kwa miaka mingi nilikana kwamba natamani gari la mbio. Nilidai nataka tu gari la kunitoa Meru hadi kwa mama, Manyatta. Kisha nikaona mawili yaliyotumika, ya viti viwili tu, moja lenye injini ya ujazo wa sisi (cc) elfu moja mia sita, jingine sisi elfu mbili. Shahada zangu mbili zilishindwa kuchagua kwa wiki nzima. Hadi leo nashukuru kwamba mama alipiga simu.

“Ile kubwa ni ya sisi elfu mbili,” nikajigamba.

“Na tutakaa wapi wote?” akacheka. “Sisi ni wawili tu, mwanangu. Chukua ile haimalizi mafuta, ndio ukuje kila Jumapili.”