Zamu ya Soksi

Utafiti wetu ulihusu soksi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia nasomea shahada ya uzamivu Houston, jirani na yale mahospitali makubwa, hunitazama kana kwamba nimebakisha siku mbili tatu nipate dawa ya saratani. Ni soksi. Zile ndefu za kubana miguu, ambazo wauguzi huvaa ili damu isituame kwenye vigimbi wakisimama kutwa nzima.

Tulikuwa wanne. Profesa wangu, daktari wa mishipa ya damu. Mhandisi aliyebuni uzi mpya, mtu mpole aliyeuzungumzia uzi huo jinsi wengine wanavyozungumzia wajukuu. Mtaalamu wa mazingira ya viwandani, ambaye kila kikao aliuliza soksi zikichakaa zitatupwa wapi, na kila kikao tukamwambia hilo ni swali zuri. Na mimi mtu wa takwimu, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwakumbusha hao watatu kwamba bado hatujui lolote.

Utafiti huo ndio uliokuwa sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Haikuwa lazima soksi za uzi huo mpya zishinde za kawaida. Hata zingeshindwa vibaya, ningeandika kwamba zimeshindwa, nikahitimu. Kilichohitajika ni kitu kimoja tu: tujue nani amevaa zipi. Tusipojua, ni mwaka mwingine mzima.

Na mwaka huo haukuwa wangu peke yangu. Dada yangu mkubwa, muuguzi wa Arlington, karibu na Dallas, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyenileta Marekani. Shahada hiyo tulikuwa tukiisomea wawili, ila mmoja wetu ndiye aliyekuwa akipata usingizi. Alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba nahitimu mwezi wa tano, na ameshanunua kitenge cha sherehe. Miguu yake ndiyo iliyonipa wazo la utafiti. Alikuwa akirudi kazini imevimba hadi viatu vinagoma kutoka.

Wauguzi wa kushiriki alinitafutia yeye. Jumapili moja tu, na sidhani alingoja ibada iishe. Wengi walikuwa Wakenya wenzetu wa Arlington, wachache wakatoka DeSoto. Yeye mwenyewe nilimkataa, kwa sababu ni ndugu yangu na taratibu za utafiti haziruhusu. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Kompyuta ilipiga kura: nusu wapate soksi mpya, nusu za kawaida. Zote zilikuwa nyeusi, zote kwenye pakiti za aina moja, na hakuna aliyepaswa kujua amepata zipi. Kila mmoja alipimwa vigimbi mwanzoni, kisha akawa anajipima mwenyewe kwa utepe kila amalizapo zamu na kutuma kipimo kwa simu. Tulijiona tumefunga milango yote.

Baada ya miezi kadhaa nilifungua vipimo. Makundi mawili yalikuwa sawa kabisa, na hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kwamba kila muuguzi alikuwa na wiki njema, halafu wiki ya kuvimba, halafu wiki njema tena. Profesa akasema labda uzi unachoka. Mhandisi masikio yalimwiva. Mtu wa mazingira akauliza, kama unachoka, basi zitatupwa wapi. Mimi nikasema nitaenda Arlington.

Nilifika Jumamosi, nikakuta ni siku ya chama, kile chao cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wanawake wa utafiti wetu walijaa sebuleni kwa dada, chai na mandazi mezani, watoto ghorofani wakigombana kwa Kiingereza. Waliomba, wakasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, wakamaliza mambo yao ya kawaida. Kisha mwenyekiti akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kwa mengine yote, "Haya, soksi."

Mikoba ikafunguliwa. Soksi zangu zikatoka, zimefuliwa, zimekunjwa vizuri kwenye vifuko vya plastiki, kila mmoja akimkabidhi aliyekaa kushoto kwake. Hakuna aliyejificha. Mama mmoja hata alisogea ili nione vizuri.

Walinieleza bila haya. Siku ya kwanza tu kazini walishajua zipi ni zipi: za kawaida hujiviringisha chini ya goti, mpya hazishuki. Waliopata nzuri wakaona aibu mbele ya wenzao. Wakafanya wanalofanya na kila kitu kizuri kisichowatosha wote, wakaweka zamu. Mwenye kazi za wikendi alitangulizwa. Utaratibu wao ulikuwa wa haki, nakiri. Ulikuwa wa haki na umeniua.

Nilimvuta dada jikoni. Nina hasira za karibu, na siku hiyo sikuzificha. Nilimwambia mwaka wangu umekwenda, mwezi wa tano umekwenda, na yeye alikuwepo akitazama.

"Sasa ulitaka nimwambie mwenzangu a-suffer ndio kompyuta yako ifurahi?"

"Nilitaka uniambie mimi."

"Ungetuambia tuwache," alisema, na ilikuwa kweli.

Kisha akavuta kiti, akaketi, akapandisha gauni. Alikuwa amevaa pea moja ya zile soksi mpya. Walimpa zamu kwa sababu ndiye aliyewakusanya, na hawakuona ni adabu yeye kukosa. Akaanza kuzivua, akisema nizichukue basi, ni mali ya shule.

Soksi ya kwanza ilipotoka niliona kifundo cha mguu wake. Miaka mingi sikuwa nimekiona. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba mtu mmoja si ushahidi wa chochote, na bado naamini hivyo. Nililia hata hivyo, nikiwa nimeshika soksi iliyo moto bado. Nilikuwa na uchungu wa mwaka wangu, na nilifurahi sana, na sikuweza kuvitenganisha.

Nikapiga magoti nimvishe tena. Soksi hizo ni ngumu kuvalisha, inabidi uvute kwa nguvu. Aliniambia navuta vibaya.

Jumatatu niliwaeleza wale watatu kila kitu. Profesa akasema mwaka mwingine, safari hii kwa watu wasiojuana. Mtu wa mazingira alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona, maana hajapata kusikia bidhaa inayotumiwa na watu wengi hivyo kabla ya kutupwa. Mhandisi alitaka pea zote zirudi maabara, azikatekate aone uzi ulivyostahimili. Nikamwambia zitarudi zote isipokuwa moja.

Akauliza kama imepotea.

"Haijapotea," nikasema. "Dada yangu yuko nayo kazini."